UZI: Nilivyofungwa paja kama kuku wa kupelekwa sokoni, na misuli ikarudi

PajaMoja (Umoja)

Wadau, humu nimekuwa msomaji wa kimyakimya miaka mingi, leo nimeamua kutoka mafichoni. Watu wawili wameniuliza jimu kile kitambaa cheusi ninachojifunga juu ya paja ni cha nini. Mmoja alidhani ni hirizi. Acha niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie uzi huu.

Mwaka jana, Jumapili, tulikuwa na mechi ya mtaa, waliooa dhidi ya makapera. Mimi niko upande wa waliooa. Nikageuka kuufuata mpira, mwili ukageuka, goti likabaki pale pale. Nilisikia "tak" kabla hata ya maumivu. Ligamenti ya mbele ya goti, ile watu wa mpira huiita ACL, ilikuwa imekatika. Nikapasuliwa, ikaunganishwa. Bili sitaisimulia, nina presha ya kutosha.

Ambacho hakuna aliyenitayarishia ni paja. Wiki ya sita baada ya upasuaji nimekaa kitandani na kaptura, nikaitazama miguu yangu: wa kulia ni wangu, wa kushoto ni wa mtoto wa darasa la saba. Nikaazima utepe kwa jirani fundi cherehani, nikapima mahali pamoja kote kuwili. Kulia sentimita 54. Kushoto 48 na nusu.

Mtego uko hivi. Ili misuli inenepe, kila mtu anakwambia beba kizito, kuanzia asilimia 70 hivi ya kile unachoweza kunyanyua mara moja tu. Goti langu wakati huo lilikuwa likilalamika hata nikibeba unga wa kilo mbili kupanda ngazi. Bila kizito paja halirudi, na bila paja goti halina wa kulishikilia.

Siku moja fizio wangu (mtaalamu wa tiba ya viungo) akaja na mkanda mpana, kama ule wa kupimia presha ila mrefu zaidi. Akanifunga juu kabisa ya paja, karibu na kinena. Akaweka kidude cha kusikilizia mshipa kwenye kifundo cha mguu: shwaa, shwaa, shwaa. Akapampu taratibu mpaka sauti ikakatika. Ilikatika kwenye 170. Akaniambia, "Hapa damu imezimwa kabisa. Hapa hatufanyi kazi." Akateremsha hadi 100 na kidogo, yaani kama asilimia 60 ya ile 170, akaniweka kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu. Kilo 15.

Nilicheka. Kilo 15 ni mtoto wangu wa pili.

Seti ya kwanza mara 30. Unapumzika sekunde 30, mkanda ukiwa bado umebana. Kisha 15, pumzika, 15, pumzika, 15. Jumla 75. Mpaka ya ishirini nilikuwa bado na utani. Seti ya pili nikanyamaza. Ya tatu paja liliwaka kana kwamba mtu amenisagia pilipili ndani ya nyama, na ya mwisho nilifika ya 11 nikawa nasukuma kwa meno. Kwa kilo 15! Alipoachia mkanda, joto lilishuka mguuni hadi vidoleni, kama bomba la Eastlands maji yanaporudi baada ya wiki ya mgao: kwanza linakohoa, halafu linamwaga.

Nilifanya hivyo mara tatu kwa wiki. Matokeo nitayaweka, kwanza nione mnasemaje.

---

Kochi_Githurai

Nina jimu ya mtaa mwaka wa 11 huu. Vyuma vyetu ni saruji iliyomwagwa kwenye mikebe, gia za lori na mabomba kutoka Kamukunji. Vijana wangu wamejenga miili bila kufungwa kamba. Hizi ni njia za watu wanaotaka mwili bila jasho. Chuma ni chuma.

---

Binti_Kisauni

Kochi, mwenzio kapasuliwa goti, unamwambia chuma ni chuma. Abebe chuma kwa mguu wa nani?

---

Kochi_Githurai

Sawa, huyo ni mgonjwa, namwelewa. Nasemea hawa vijana wazima walioanza kujifunga mikono kwa mpira wa tyubu baada ya kuona video. Na nina swali la kitaalamu, msidhani sisi wa mtaa hatusomi. Ukibeba chuma chepesi, asilimia 30, ukaenda nacho mpaka mkono ukatae kabisa, misuli inakua vilevile. Hilo limepimwa. Sasa kamba ya nini?

---

FizioMama

Kochi, swali lako ni zuri na nusu yake uko sahihi, kwa hivyo vumilia jibu refu. Kazi yangu ndiyo hii, kufunga mapaja ya watu.

Mishipa inayoleta damu kutoka kwa moyo ina kuta nene na msukumo mkubwa. Inayorudisha damu ina kuta laini, ukiibana kidogo inalala. Mkanda ukiwekwa kwa kipimo, damu inaendelea kuingia kwa uchache lakini kutoka ni kwa taabu. Ndani ya dakika moja ya kazi oksijeni imepungua na taka za kazi zimejaa.

Mwili wako huanza kazi nyepesi kwa kutumia nyuzi ndogo za misuli, zile za subira. Zile nene, zenye nguvu na zinazonenepa zaidi, huwekwa akiba hadi uje uzito wa kutisha. Nyuzi ndogo zikikosa oksijeni zinachoka mapema, na ubongo unalazimika kuziamsha zile nene, ingawa mkononi una kilo tatu tu. Misuli inajaa maji, inavimba, na ndani yake zile ishara za kutengeneza protini zinawashwa. Zamani walitaja sana homoni ya ukuaji kwamba inapanda baada ya zoezi hili. Ni kweli inapanda, lakini siku hizi wengi hawaamini kwamba ndiyo inayonenepesha misuli.

Sasa kamba ya nini? Bila kamba, kufika mahali pa kushindwa kwa chuma cha asilimia 30 kunaweza kukuchukua marudio mengi mno. Kwa kijana wako mzima wa Githurai si neno, apige hata 60. Kwa goti lililopasuliwa, kila rudio ni msuguano. Mkanda unakufikisha kwenye uchovu uleule kwa kazi ndogo zaidi.

Na kukupa haki yako: ukilinganisha mkanda na chuma kizito, unene wa misuli hukaribiana, lakini kwa NGUVU chuma kizito bado kinashinda. Mtu mzima asiye na jeraha akiniuliza, namwambia abebe chuma, mkanda awekee siku ambazo viungo vimechoka.

---

Kochi_Githurai

Hapo kwa nguvu umeniokoa heshima. Endelea.

---

MwalimuStaafu

Naomba kujua ni nani aliyeketi siku moja akaamua kujifunga mguu. Hakuna binadamu anayeanza jambo hili akiwa na akili timamu.

---

FizioMama

Mwalimu, alikuwa amepiga magoti! Yoshiaki Sato, Mjapani, mwaka 1966, akiwa kijana kwenye ibada ya Kibudha. Alikaa kwa magoti muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi. Alipokuwa akiyakanda mashavu ya miguu akahisi yamejaa na kuwaka kama mtu aliyetoka mazoezini. Akajiuliza kama ni damu iliyozuiwa. Akaanza kujijaribu mwenyewe kwa mipira ya baiskeli na kamba, miaka mingi. Mwaka 1973 akaumia kwenye mchezo wa kuteleza thelujini, kifundo na goti, akajifunga mguu huohuo ulioumia ili misuli isiishe. Mtindo wake akauita KAATSU.

---

MwalimuStaafu

Ahsante. Basi wanafunzi wangu niliowapigisha magoti miaka 34 wangekuwa na miguu ya simba.

---

Blada254 (Kariobangi)

Kochi ameongea kuhusu tyubu nikajua ni mimi anasema. Mazee acha niungame.

Nina boda. Nyuma ya kiti huwa na zile blada za tyubu za kufungia kreti za soda. Jioni nikachukua moja, nikazungusha mkono wa kushoto juu ya kiwiko mara nne, nikavuta kwa meno, nikafunga fundo. Si kufunga, kukaza kabisa. Nikaanza kupiga dambeli. Kwanza nilikuwa najisikia hatari, mishipa imetoka kama ramani. Ya 25 vidole vikaanza kuwa vya mtu mwingine. Kuangalia, kiganja kimekuwa rangi ya zambarau kama tunda la zambarau lenyewe.

Sasa fungua. Fundo la tyubu limejikaza, mkono mmoja umekufa, wa pili una jasho, meno yanateleza. Nikatoka mbio kwa mama mboga na ule mkono nimeunyoosha hivi. Ndiye aliyekata, na kile kisu chembamba cha kukatia sukuma, huku ananiuliza kama nimeumwa na nyoka. Kariobangi!

Vidole viwili vya mwisho vilikuwa na ganzi siku nne. Clutch nilikuwa nabonyeza kwa kuangalia, sisikii.

---

Binti_Kisauni

Nimecheka mpaka nimemwagikiwa na chai, na ni dhambi kwa sababu ungeupoteza mkono.

---

FizioMama

Blada, nakushukuru kwa kuandika. Umefanya makosa karibu yote kwa jioni moja, kwa hivyo wewe ndiwe somo la leo.

Kitu chembamba kinakata kama uzi kwenye jibini. Kinakandamiza neva, ndiyo ganzi yako ya siku nne. Ukanda uwe mpana, sentimita 5 au zaidi kwa mkono, na mpana zaidi kwa paja. Mpana pia unahitaji msukumo mdogo kufanya kazi ileile, kwa hivyo namba ya mkanda wa PajaMoja usiichukue ukaitumia kwenye mkanda wako. Namba ni ya mguu ule na mkanda ule.

Fundo, marufuku. Tumia mkanda wa kunata au wenye bizimu unaofunguka kwa mvuto mmoja, hata mkono mmoja ukiwa umezimia.

Mahali ni juu kabisa ya mkono, chini ya bega, au juu kabisa ya paja. Basi. Si kwenye kiwiko, si kwenye goti, si kwenye shavu la mguu.

Kubana: wasio na mashine wanaotumia ukanda wa kawaida hujipimia kwa hisia, 0 ni huru na 10 ni maumivu. Paja liwe kwenye 7, mkono chini kidogo ya hapo. Kisha jikague: mapigo ya kifundo cha mkono lazima uyasikie. Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde tatu. Kiganja kikiwa cha zambarau iliyoiva au cheupe kama chaki, fungua, siku imeisha. Kuungua kwa misuli ni kawaida. Ganzi na kuchomachoma kama sindano si kawaida.

Wenye mashine, kiwango kinachotumika ni asilimia 40 hadi 80 ya ule msukumo unaozima mshipa kabisa. Mkono hauhitaji kufika juu, 40 au 50 inatosha. Chuma asilimia 20 hadi 30 ya uwezo wako, wengine hufika 40. Ukimaliza zoezi moja fungua, damu ipite. Usikae umejifunga unajibu sms.

---

Odush_wa_Ziwa

Dokta, kwetu ni Siaya. Dada yangu mdogo ana selimundu, na mimi nilipimwa nikaambiwa nabeba tu, siumwi. Huwa napiga tizi kama kawaida Kayole huku. Nijifunge?

---

FizioMama

Odush, nimefurahi umeuliza kabla. Chembe za damu za mwenye selimundu hupinda umbo oksijeni ikipungua, na kupunguza oksijeni ndiyo kazi nzima ya mkanda huu. Mwenye ugonjwa: hapana. Mbebaji kama wewe: mimi simfungi. Endelea na chuma cha kawaida, kunywa maji, usijiue kwa mazoezi ya kushindana kwenye jua.

Hili video za ng'ambo hulitaja kwa haraka kwenye orodha ndefu. Kwetu si la kupita kwa haraka. Pwani, Nyanza na Magharibi, kokote malaria ilikokaa vizazi na vizazi, wabebaji ni wengi na wengine hawajawahi kupimwa.

Wengine ninaowakataza: aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye presha isiyotulia, mjamzito, mwenye mishipa ya miguu iliyovimba kama nyoka, mwenye kisukari kilichoharibu mishipa. Akina dada mnaotumia vidonge vya kupanga uzazi, mwambieni daktari kwanza, vingine huongeza hatari ya damu kuganda.

Sitaki kuwatisha pia. Mwaka 2006 Wajapani walichapisha taarifa za zaidi ya watu 12,000 waliotumia njia hii. Kuvilia damu chini ya ngozi kulipata kama asilimia 13, ganzi asilimia 1.3, na damu kuganda kwenye vena (mishipa inayorudisha damu) asilimia 0.055, yaani kama watu 7. Lakini hao walikuwa mikononi mwa waliofunzwa na mikanda ya kupampu. Hakuna aliyehesabu wa blada.

---

Blada254

Mimi nihesabu, niko mmoja.

---

Binti_Kisauni

Swali mbili. Kifua mtu anakifunga wapi? Na shoga yangu wa South C anauliza, akijifunga kiunoni akatembea, tumbo litaisha?

---

PajaMoja

Kifua nimeuliza kwa fizio wangu. Hukifungi, unafunga mikono juu kabisa, halafu unasukuma chuma chepesi kwenye benchi. Mikono inachoka mapema, kifua kinabebeshwa kazi. Wajapani walijaribu hivyo na kifua kikaongezeka pia.

Kiuno mwache dokta ajibu, mimi nina mke.

---

FizioMama

Kiuno asijifunge jamani. Ndani ya tumbo kuna mshipa mkuu wa damu na matumbo yenyewe. Na hii ni njia ya kukuza misuli. Mafuta hayaondoki kwa kubanwa, yangekuwa yanaondoka hivyo wavaa kaptura za kubana wote wangekuwa wembamba.

---

MwalimuStaafu

Nina miaka 66. Magoti yote mawili yamelika. Presha ninayo lakini natumia dawa, na juzi ilikuwa 128 kwa 80. Kila nikienda wananiambia "imarisha mapaja", kisha hawanionyeshi namna ya kuchuchumaa bila kulia. Je, mzee kama mimi amo humu?

Tena Odush, si "dokta nijifunge", ni "daktari, je, nijifunge?" Nisameheni, mazoea.

---

FizioMama

Shikamoo Mwalimu. Umo, na pengine una haki kuliko vijana wote humu. Miongoni mwa majaribio ya mwanzo yaliyotajwa sana, mwaka 2000, walifunga mikono ya wanawake watu wazima wakiwa na chuma chepesi, na misuli ikanenepa kama ya waliobeba kizito. Mwaka 2006 wakawafunga vijana mapaja na kuwatembeza tu, polepole, vipindi vya dakika mbilimbili, mara mbili kwa siku, wiki tatu. Mapaja yakaongezeka kwa kutembea! Kwa mwenye magoti yaliyolika hiyo ni habari ya kupigia simu watoto.

Lakini kwako si ukanda wa kujifungia nyumbani. Presha hupanda wakati wa zoezi lenyewe, hata iliyotulia. Mwone daktari wako, mwambie unataka nini, kisha tafuta fizio mwenye mashine ya kupampu, akupime kabla, katikati na baada. Uanze kwa asilimia 40, ukikaa kwenye kiti: kunyoosha goti bila chuma chochote, mguu wenyewe ni mzigo tosha.

---

MwalimuStaafu

Marahaba. Nitaenda na binti yangu, hunisikilizi vizuri nikiwa peke yangu hospitali. Nilimaanisha "hawanisikilizi". Miwani.

---

PajaMoja

Haya, matokeo. Wiki nane, mara tatu kwa wiki, nimekosa mara mbili (mara moja mvua, mara moja uvivu).

Paja la kushoto lilikuwa 48 na nusu. Sasa 51 na robo. Kulia bado 54. Sijafika, lakini suruali za kazi hazipepei tena upande mmoja. Wiki iliyopita nilishuka ngazi za daraja la kuvukia barabara bila kushika chuma cha pembeni, nikafika chini ndipo nikagundua sijashika.

Ambacho sikutarajia: fizio ameanza kuniondolea mkanda. Anasema kazi yake ilikuwa kunivusha mpaka goti likubali mzigo, sasa linakubali, tunarudi kwa chuma. Jana nimechuchumaa na kilo 40 bila kufungwa. Nguvu bado ni ndogo kuliko unene unavyoonyesha, sawa na alivyosema FizioMama. Paja linaonekana la mwanaume ila kwa kazi bado ni la darasa la nane.

---

Kochi_Githurai

Hongera kaka, kusema kweli. Tena nina jambo, msinicheke. Kiwiko cha kulia kinanisumbua tangu mwezi wa pili, siwezi kusukuma kizito, na vijana wananiangalia nikionyesha na mikono mitupu. Huo mkanda wako wa kupampu kwa sababu umeachishwa, unaweza kuniazima wiki mbili? Nitakuja Umoja mwenyewe.

---

Blada254

😂😂 Kochi "chuma ni chuma"!! Nikuletee blada? Ninazo tatu.

---

PajaMoja

Kochi, mkanda ni wa paja, mkononi utazunguka kama bendeji. Lakini dokta anao wa mkono. Sharti ni moja, pima presha kwanza, hata hapo kwa kemisti.

---

Kochi_Githurai

Presha gani, mimi ni mtu wa mazoezi. Nakimbia mpaka Kahawa na kurudi. Sawa, naenda, niwaonyeshe.

---

Kochi_Githurai

Nimepima. 164 kwa 102. Dada wa kemisti ameniambia nikae, nitulie, nisiongee. Baada ya dakika kumi akapima tena, mkono ule mwingine. 158 kwa 99.

---

FizioMama

Kochi, mkanda sahau kwa sasa. Vyuma vizito pia, vya kuzuia pumzi, acha mpaka uonwe. Kesho asubuhi nenda kliniki, usisubiri Jumatatu. Una kichwa kinauma? Macho yanaona sawa? Kifua?

---

Kochi_Githurai

Kichwa huwa kinauma jioni, nilidhani ni kelele za vijana. Macho sawa, kifua sawa.

Nitaenda saa mbili. Blada, utanibeba?

---

Blada254

Saa moja na nusu niko kwa geti, kochi. Bure.